Kugawa mtandao wa /24 bila kupoteza anwani

Anza kwa kuhesabu vifaa, si watu, maana mtu mmoja siku hizi huja na laptopu na simu. Tuseme ofisi ina vifaa 50, maabara 25, printa na kamera 10, na kuna kiungo cha ruta mbili. Umepewa 192.168.10.0/24.

Namba baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mtandao kati ya 32. /26 inabakiza biti 6 za vifaa, yaani anwani 64. Toa ya kwanza, ambayo ni ya sabneti yenyewe (kipande cha mtandao ulichogawa), na ya mwisho, ya matangazo, yaani ya kutuma ujumbe kwa vifaa vyote vya sabneti: zinabaki 62, na ruta itachukua moja.

Hesabu ya kushika ni hii: 256 toa namba ya mwisho ya maski, yaani ile /26 ikiandikwa kwa namba nne. Maski ya /26 ni 255.255.255.192, hivyo hatua kati ya sabneti ni 64 na sabneti huanzia 0, 64, 128 na 192 tu. Ukiulizwa 192.168.10.77/26 iko wapi, iko kwenye ya 64, ambayo matangazo yake ni 127.

Gawa kubwa kwanza. Ofisi ichukue .0/26 (yaani 192.168.10.0/26), iishie .63. Maabara .64/27, nafasi ya vifaa 30, hadi .95. Printa na kamera .96/28, nafasi ya vifaa 14, hadi .111. Kiungo cha ruta .112/30: .113 na .114, basi. Ukitanguliza ile ya /30 pale .0, ofisi haiwezi kuanzia .4, itaruka hadi .64 na kukuachia vipande vipande nyuma.

Kosa linalosumbua mafundi ni maski. Kompyuta ya ofisi ikiwekewa /24 badala ya /26, intaneti inafanya kazi vizuri kabisa, ila printa ya .100 haipatikani. Kompyuta inadhani printa iko sabneti moja nayo, inaiita moja kwa moja bila kupitia ruta, na kwa kawaida hakuna anayeitika. Andika ipconfig kwenye Windows, au ip addr kwenye Linux, usome maski kabla ya kuchomoa nyaya. Ukikuta anwani inaanza na 169.254, hapo maski haina kosa: kompyuta haikupata jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani, ikajipa anwani yenyewe.