Kujipanga kwa safari ndefu ya pikipiki

Kama unalenga ile safari ya pikipiki ya maili 1,000, yaani kama kilomita 1,610 ndani ya masaa 24, usiirukie tu, anza na Nakuru hadi Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo kupitia Kericho ndio ujue mgongo na makalio yanasemaje. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa bado baridi, cheni pia usiikaze sana, icheze sentimita 2 au 3 hivi (angalia kitabu cha pikipiki yako) halafu uipake oili. Kericho mvua hupenda kunyesha mchana, kwa hivyo koti la mvua likae juu ya mzigo. Maji kunywa kidogo kidogo. Ugali mkubwa njiani achana nao, utasinzia, na ukisinzia simama ulale dakika 20, kahawa haitoshi.