Krediti za chuo mtoto akiwa bado sekondari: niliyojifunza Minnesota

Mwanangu wa kwanza alimaliza sekondari hapa Saint Paul bila krediti hata moja ya chuo (kipimo cha masomo yanayohesabiwa kwenye digrii), kwa kuwa mama yake sikujua kuuliza. Kwa dada yake niliuliza mpaka wakanichoka.

Anzeni na PSEO (Postsecondary Enrollment Options). Ni mpango wa jimbo, upo tangu 1985: mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anasoma kozi za chuo, jimbo linalipa ada na vitabu. Wa darasa la 10 anaweza kuanza na kozi moja ya ufundi. Bandikeni kwenye friji: Mei 30 au Oktoba 30 ndiyo mwisho wa kuiarifu shule kwa ajili ya muhula unaofuata. Chuo nacho kina tarehe yake. Msingoje barua ije nyumbani. Mimi niliingoja miaka miwili.

Ila alama za PSEO ni za chuo kwelikweli, hazifutiki. Binti yangu alibeba kozi tatu muhula wa kwanza, na mimi niko zamu ya usiku, wadogo zake wanamtazama yeye. Kemia ikampa D, alama ya chini, na ipo mpaka leo. Muhula wa pili tukabaki na mbili, kupika nikamkabidhi kaka yake, anung'unike atakavyo.

AP (Advanced Placement), kozi za kiwango cha chuo, husomwa shuleni kwenu, mtihani Mei, alama 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3.

Njia ninayoipenda mimi ni CLEP, mitihani ya kupata krediti bila kuisoma kozi yenyewe, na sisi wa Bukavu, Kongo, tunaipita bila kuiona. Upo mtihani wa Kifaransa! (Wa Kiswahili haupo, nimetafuta.) Ni kusikiliza na kusoma kwenye kompyuta, insha hakuna. Alama ni 20 hadi 80. Inapendekezwa 50 ipewe krediti 6, na 59 ipewe 9. Mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa ana akiba hiyo kichwani tayari.

Kabla ya kulipia, mtoto aiandikie ofisi ya usajili ya chuo anachokitaka: mnapokea CLEP ya Kifaransa? Kwa alama ngapi? Inahesabiwa badala ya kozi gani? Jibu liwe la maandishi. Binti yangu aliandikia vyuo viwili. Kimoja kikakubali, kingine kikakataa, na kilichokataa ndicho alichokuwa akikiota. Alinuna wiki nzima, kisha akajaza fomu za kile kilichokubali.