Mvua ya Elgon: mambo ya kukubaliana kabla haijashuka

Ukiishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, yaani Bududa, Bulambuli, Sironko au hata huku chini Mbale mjini, mpango wa kukimbia maporomoko ya udongo na mafuriko haupangwi mvua ikishaanza kupiga bati, kwa sababu saa hiyo hakuna anayemsikia mwenzake. Upangeni kiangazi, mchana, mkiwa mmekaa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Habari za begi na tochi ziacheni kwanza. Kubalianeni nani atasema "tokeni", atatumia ishara gani, na mkishatoka mnaelekea wapi.

Hapo pa kuelekea ndipo vijiji vingi hukosea. Watu hukimbilia jengo walilolizoea: shule, kanisa, msikiti, zahanati. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliposhuka Nametsi, huko Bududa, uliifunika senta (kituo cha biashara) pamoja na zahanati yake, na mamia ya watu wakapotea. Upande wa pili wa nchi, Kasese, Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na mara zote mbili ukaikumba hospitali ya Kilembe iliyo kando yake. Kwa hiyo msiamini ukuta wa matofali. Nendeni mpaka pale kwa miguu mkapaangalie. Je, juu yake kuna mteremko mkali? Kuna korongo linaloelekea hapo? Njia ya kufika inavuka kijito? Kama inavuka, tafuteni nyingine, maana daraja la magogo ndilo huchukuliwa kwanza. Kisha irudieni njia hiyo usiku, bila mwezi, na watoto wakiwemo. Mtashangaa ni mizizi mingapi hamkuiona mchana.

Ishara ya kuondoka iwe moja na isitegemee umeme: ngoma, kengele ya kanisa, filimbi. Kipaza sauti cha msikiti ni kizuri, ila kama kina betri. Ujumbe wa simu usaidie tu, kwa kuwa mtandao hukatika mapema na simu nyingi usiku hazina chaji.

Mlima wenyewe hutoa dalili, na kila nyumba izijue. Ufa mpya shambani au uani, hasa ukizidi kupanuka. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukaanza kukwama. Mti au nguzo iliyoinama. Chemchemi kutokea mahali pakavu. Mbaya zaidi ni mto kupungua ghafla huku mvua inanyesha: huenda udongo umeuziba huko juu, na utakapopasuka maji yatashuka na mawe na magogo. Ukiona hivyo usisubiri kikao, piga filimbi. Wa bondeni nao wasidanganywe na anga la kwao. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale, maji yaliteremka kutoka mlimani, na mlimani kunaweza kunyesha huku mjini kumetulia. Maji yanayokimbia, hata yakifika sentimita 15 tu, humwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba gari. Bodaboda akikuambia "nitapita tu", shuka.

Vitu vya kubeba ni vichache: vitambulisho vya taifa na kadi za chanjo ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) lililofungwa vizuri, dawa za mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV za wiki mbili hivi, tochi, blanketi, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Magodoro yaacheni.

Kinachochelewesha watu ni ng'ombe. Sisemi kwa dharau. Kwa familia nyingi huyo ndiye ada ya shule. Lakini kurudi kumfungua saa nane usiku ni hatari kubwa. Wiki za mvua kubwa mlazeni mahali pa juu tangu jioni, au mfungeni kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Na kwa kila mzee, mama mjamzito au mtu asiyeweza kutembea, yatajwe majina mawili ya watakaombeba, wawili kwa kuwa mmoja anaweza kuwa safarini. Mkisema "vijana watasaidia", hakuna kijana atakayejua ni yeye.

Walio kwenye mteremko uliokwisha kupasuka, mpango wa usiku mmoja hauwatoshi. Serikali ilianza mwaka 2019 kuhamishia familia Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, na wapo wanaosita kwa sababu kahawa na migomba yao iko juu. Ni sababu nzito. Hata hivyo shamba linaweza kulimwa mchana na mtu akalala kwingine, angalau miezi ya mvua.

Mkishatoka, hesabianeni nyumba kwa nyumba, kisha msirudi asubuhi kuchimbua vyombo. Udongo ulioteleza mara moja bado una maji ndani na unaweza kuteleza tena. Vyoo vikifurika, maji ya kisima yachemsheni au yatiwe dawa kabla ya mtoto yeyote kuyanywa.