Mzee anasahau tangu aanze sindano ya tezi dume: ninavyomtunza mume wangu

Mume wangu alikuwa karani wa mizigo bandari ya Tanga kwa miaka 31. Alihesabu marobota ya mkonge yakipanda melini, na jioni akifika nyumbani aliweza kunitajia idadi ya shehena nzima bila kufungua daftari. Basi siku aliporudi kutoka soko la Mgandini mikono mitupu akaniuliza, "Mama Mwanaidi, hivi ulinituma nini?" nikamwambia nazi mbili na ndimu, wala sikujali. Nani hasahau? Nilishtuka wiki ile ile, aliponiuliza mara tatu ndani ya saa moja kama Mwanaidi ameshapiga simu.

Ana miaka 73. Wakati ule alikuwa na miezi saba kwenye sindano ya homoni ya kutibu saratani ya tezi dume, ile ya goserelini inayochomwa tumboni kila baada ya wiki 12. Alipoanzishiwa tiba tuliambiwa habari ya joto la ghafla mwilini, ya nguvu za kiume na ya mifupa kuwa myepesi. Habari ya kumbukumbu hatukuisikia, nikapoteza miezi minne nikidhani ni uzee tu. Naandika haya kwa mke, mtoto au mkwe aliye na mzee wa namna hiyo ndani, ajue pa kuanzia.

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Sindano hukata amri inayotoka kichwani kwenda kwenye korodani, na baada ya wiki chache homoni hiyo hushuka mpaka kiwango cha mtu aliyehasiwa. Daktari wetu alitueleza kuwa elimu hii ni ya tangu 1941, Charles Huggins alipoionyesha huko Chicago, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba homoni ile ile ina kazi pia kwenye misuli, mifupa, damu na ubongo. Je, sindano yenyewe ndiyo inayoharibu kumbukumbu? Tafiti zimegongana: nyingine zimeona wazee hawa wanasahau zaidi, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Mimi nimejifunza kutobishana na swali hilo. Nilichokuja kukijua ni kwamba kumbukumbu ya mzee aliye kwenye sindano ina wezi wengi, na baadhi yao wanakamatika.

Kabla ya yote, usikatishe sindano. Shemeji yangu alikuja na chupa ya mitishamba, akasema kaka yake anamalizwa akili na hizo dawa za hospitali, aache. Nilimpa chai, nikamshukuru, chupa akaondoka nayo. Tarehe ikipitiliza homoni huanza kurudi, na saratani nayo hupata chakula chake. Wapo wagonjwa ambao madaktari huwapumzisha sindano kwa kipindi huku wakifuatilia PSA, kipimo cha damu kinachoonyesha mwenendo wa saratani, lakini uamuzi huo huja baada ya vipimo na daktari ndiye anayeutoa. Kama usahaulifu umezidi, muulize waziwazi: "Mzee wangu anaweza kupumzishwa?" Swali hilo ni haki yako.

Kisha nunua kaunta buku. Yangu ni ya kwaya mbili, inakaa juu ya friji pamoja na kalamu iliyofungwa uzi. Kila jioni naandika mistari mitatu minne: amelala vipi, joto limempanda mara ngapi, amesahau nini hasa, amekunywa dawa zipi. Usiandike "leo kasahau sana", maana daktari hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Andika "ameshindwa kukumbuka njia ya kwa fundi cherehani, alikokwenda wiki jana." Andika na tarehe ya sindano. Baada ya mwezi mmoja daftari langu lilionyesha kitu ambacho macho yangu hayakukiona: siku mbaya zote zilifuata usiku mbaya.

Hapo ndipo nilipomshika mwizi wa kwanza. Joto lile la ghafla linalowapata wanaume walio kwenye sindano nalijua, kwa sababu nimelipitia mwenyewe hedhi ilipokoma: unaamka usiku umelowa, moyo unakwenda mbio, ukijifuta umeshapotewa na usingizi. Yeye alikuwa akiamka mara nne au tano, na mara mbili zaidi kwenda kukojoa. Mtu asiyelala hakumbuki, hata angekuwa kijana. Tulibadilisha mambo madogo. Kahawa chungu ya baraza baada ya isha ikahamia asubuhi, pilipili na mchuzi wa moto vikatoka kwenye chakula cha usiku. Analala na msuli mwepesi wa pamba, feni iko miguuni, na khanga yenye maji imetundikwa karibu na kitanda ajifute shingo bila kuwasha taa. Mkifanya yote haya na joto likakataa, mwambieni daktari, maana dawa za kulipunguza zipo.

Mwizi wa pili alikuwa kwenye kabati letu, nami ndiye niliyekuwa namfuata dukani. Mzee alipokosa usingizi alianza kumeza piriton, vidonge viwili kila usiku, kwa kuwa vinalevya na ni bei rahisi. Tena duka moja la dawa lilikuwa limempa oksibutinini ya kupunguza haraka ya mkojo. Siku ya kliniki nilitia dawa zote kwenye kikapu cha ukili, hata za kikohozi, hata ile ya maji iliyobaki nusu, nikamwaga mezani kwa daktari. Alizitenga hizo mbili palepale. Alieleza kuwa zote zinazuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kuweka kumbukumbu, na kwa mzee zikikutana madhara yanajumlishana. Amitriptilini na diazepamu nazo zina tabia ya kumtia mzee ukungu. Alizisimamisha zile mbili, na kama wiki tatu baadaye mzee akaacha kuniuliza jambo moja mara tatu. Hakurudi kuwa yule karani wa bandari, ila ukungu ulipungua, hata jirani aliliona. Kwa hiyo fanya hivyo: kikapu, dawa zote, mezani. Usimwachishe dawa kwa kichwa chako, hasa diazepamu, kwani kuikata ghafla ni hatari.

Siku hiyohiyo omba damu ipimwe. Homoni ikishuka wingi wa damu hushuka nayo, na sukari hupenda kupanda. Wa kwangu alikutwa na vyote viwili. Ulizia pia tezi ya shingoni, presha, na vitamini B12 ikiwa mzee ametumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Masikio yakaguliwe, kwa maana asiyesikia vizuri huonekana kama anasahau kumbe neno halikumfikia.

Sonona ndiyo ngumu kuliko zote, kwani wanaume wa umri huu hawaitaji kwa jina. Wa kwangu hakusema ana huzuni. Aliacha tu kukaa barazani, akawa anaelekea ukutani. Nguvu za kiume zimeondoka, matiti yamejaa kidogo, misuli imelegea, na mtu aliyezoea kuwa mwenye nyumba anajiona mgeni kwenye mwili wake. Nilimwambia usiku mmoja tukiwa wawili: "Baba Mwanaidi, mimi niliolewa na wewe, uwe na sindano au bila sindano. Nieleze." Alilia, kisha akaongea mpaka adhana ya alfajiri. Daktari alipoambiwa alimtafutia mshauri wa kuzungumza naye. Ukiona mzee amejitenga na kula kumemshinda, lipeleke kliniki kama unavyopeleka homa.

Nyumba nayo ipange ikumbuke kwa niaba yake. Dawa zake ziko kwenye bahasha saba za khaki, kila moja imeandikwa siku kwa herufi kubwa, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya jikoni. Bahasha tupu ina maana amekunywa. Zamani alikunywa ya presha mara mbili akaanguka chooni, na tangu siku hiyo sikubali kuambiwa "nadhani nimekunywa". Funguo, miwani na simu vina kisahani chao mlangoni. Mtungi wa gesi hufungwa kwenye koki yake kila tukimaliza kupika. Kalenda ya ukutani ni kubwa, na tarehe ya sindano anaizungushia mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Simu inahitaji ulinzi wa pekee. Zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" zinamwinda mtu kama yeye, anayeona haya kusema hakumbuki ni hela gani. Tulikubaliana, na yeye mwenyewe akiwemo katika mazungumzo, kuwa kwenye simu yake kunabaki fedha ya matumizi ya wiki tu, na kwamba hamtumii mtu bila kumpigia Mwanaidi kwanza. Hati ya nyumba na mambo ya mirathi tuliyaweka sawa mapema, akili yake ikiwa bado ina nguvu ya kuamua. Usingoje.

Jambo lililomuumiza kuliko nazi na ndimu lilikuwa swala. Akiswali peke yake chumbani alikuwa hajui yuko rakaa ya tatu au ya nne, anarudia, anarudia tena, kisha anakaa juu ya mkeka ameinamisha kichwa. Sheikh wa mtaa alimkalisha akamkumbusha kuwa mwenye shaka hujenga juu ya idadi ndogo aliyo na yakini nayo, kisha husujudu sijida ya kusahau. Sheria yenyewe imemtarajia mtu anayesahau. Sasa anaswali jamaa msikitini, anamfuata imamu, na njia ya kwenda na kurudi imekuwa mazoezi yake. Baada ya alfajiri huongeza mwendo wa nusu saa kuelekea Raskazone. Kutembea na kuinuka kitini mara kumi bila kushika mkono wa kiti hurudisha nguvu za misuli, hupunguza uchovu na humletea usingizi. Kama saratani imefika kwenye mifupa, muulize daktari ni mazoezi gani yanafaa. Jioni anacheza bao na wenzake wa bandarini. Sidai kuwa bao ni dawa, ila mchezo wenye kete 64 na kelele za marafiki ni bora kuliko ukuta.

Kuhusu kusema naye: mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, ukiwa mbele ya uso wake. Usimpime kwa maswali, "haya niambie leo siku gani?" mbele ya wajukuu. Akikosea jina la mjukuu, taja jina hilo katika sentensi yako inayofuata, mazungumzo yaendelee. Nilipokuwa nikimsahihisha kwa sauti alinyamaza siku nzima, na bado naona uchungu nikikumbuka.

Yapo ya kukimbilia hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Usahaulifu wa namna niliyoieleza huja polepole. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku moja, haoni sawa au hajui yuko wapi, hiyo ni dharura: yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa na maji, au kiharusi. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikatika, ondoka saa hiyo hiyo. Vilevile maumivu mapya ya mgongo yenye ganzi au udhaifu wa miguu, au mkojo kuziba, maana saratani ikibana uti wa mgongo, kuchelewa siku moja kunaweza kumnyima miguu. Ufikapo mlangoni taja mapema: "Ana saratani ya tezi dume, yuko kwenye sindano ya homoni," na uwe na kaunta buku mkononi.