Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na unasubiri upasuaji? Soma hii

Usiiache mwenyewe, na usinyamaze ukadhani daktari anajua. Siku ile ile unapopangiwa upasuaji, mwambie daktari wa upasuaji na yule anayekuandikia dawa. Kisha omba uandikiwe tarehe mbili: ya kumeza kidonge cha mwisho na ya kuanza tena. Maneno ya mdomo husahaulika, hasa mtu akiwa na hofu.

Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, kwa sababu ini huhitaji muda kutengeneza upya protini za kugandisha damu. Kisha hupimwa INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, kuona kama damu imerudi kuganda vizuri. Apiksabani na rivaroksabani hutoka mwilini haraka, hivyo mara nyingi siku 1 hadi 2 zinatosha, au zaidi kama figo ni dhaifu au upasuaji ni mkubwa.

Kung'oa jino mara nyingi hakuhitaji kuacha dawa kabisa. Aliyewekewa stenti ya moyo, yaani kijibomba kinachoweka wazi mshipa wa damu wa moyo, ndiye ninayemhofia zaidi: akiacha aspirini na klopidogreli kiholela, stenti inaweza kuziba na kuleta shambulio la moyo. Mwenye vali bandia ya chuma kwenye moyo naye ataje mapema, maana huenda akahitaji sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika siku ambazo ameacha vidonge.

Taja pia diklofenaki, ibuprofeni na dawa za mitishamba unazotumia. Watu wengi hawazihesabu kama dawa, lakini baadhi huongeza damu kutoka.