Hii ni spoti au ni mchezo tu? Namna ya kuamua bila kukosana na watu wa bao

Wadau, mwaka jana nilipewa karatasi ya bonanza la mtaa nikaambiwa "katibu, pitia hapo, toa vyote ambavyo sio spoti, hela ya jezi na vikombe haitoshi". Karatasi ilikuwa na soka, netiboli, kuvuta kamba, mbio za magunia, kukimbiza kuku, bao, drafti, karata, pool, vishale, na chini kabisa kwa peni ya rangi nyingine kuna kijana kaongeza "PS", yaani PlayStation, yale magemu ya kwenye TV. Nikasema kazi ya dakika tano hii. Ilinichukua wiki mbili na kuna watu wawili mpaka leo salamu zao ni za kulazimisha. Kwahiyo kama na wewe umeangukiwa na karatasi kama ile, au mnabishana tu hapo kijiweni, fanya hivi.

Kitu cha kwanza acha kabisa kuuliza "hivi huu ni mchezo?" Ukiuliza hivyo umeshapotea kabla hujaanza, maana kwetu kila kitu ni mchezo. Mpira ni mchezo, kina mama wanaopokezana hela kila mwisho wa mwezi wanacheza mchezo, tamthilia ya redioni ni mchezo wa kuigiza, mtoto akishika kiberiti anaambiwa huo sio mchezo, na ukizingua kwenye hela za watu unaambiwa usituletee mchezo. Serikali nayo ina Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na hapo neno lina maana yake nyingine tena. Mtu wa bao akikwambia "bao ni mchezo" yuko sahihi, wewe ukikataa nawe uko sahihi, mnagombania neno moja na kila mtu kashika maana yake. Sisi kwenye kikao tukakubaliana kile tunachokitafuta tukiite spoti, mchezo tukauacha upumzike.

Pili, na hapa ndo wengi wanaruka, uliza jibu unalitaka la nini. Jibu linabadilika kutokana na anayeuliza. Chukua briji, zile karata za watu wanne wanaocheza wawili wawili. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua 1999, mwaka uleule na sataranji, na kwenye Michezo ya Asia ya Jakarta 2018 watu walivalishwa medali za briji kabisa. Sasa chama cha briji cha England kikasema kama sisi ni spoti basi tusamehewe VAT kwenye viingilio vya mashindano yetu, maana spoti ina msamaha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, Oktoba 2017 majaji wakasema hapana, kwa sheria hiyo ya kodi spoti lazima iwe na kazi ya mwili ya maana, sio ya kupuuzwa, na kukaa kwenye kiti umeshika karata haitoshi. Miaka miwili kabla walishashindwa kesi nyingine London walipotaka kutambuliwa na Sport England, taasisi inayosimamia spoti huko kwao. Karata zilezile, watu walewale, majibu mawili, sababu mmoja alikuwa anagawa medali na mwingine anakusanya kodi.

Kwahiyo mimi nikaandika juu ya karatasi: "swali letu ni nani anapata jezi na kikombe." Sio nani ana akili, sio nani anaheshimika. Andika hivyo na wewe, itakusaidia watu wakianza kupandisha sauti.

Baada ya hapo unaanza kuchuja. Chujio la kwanza ni jepesi, kuna kushindana au hamna? Klabu za jogging zinazokimbia Jumamosi alfajiri zinaimba barabarani mpaka watu wanaamka, ile ni mazoezi, afya safi kabisa, lakini hakuna anayeshinda. Najua Baraza la Ulaya kwenye mkataba wao wa spoti wa 1992 linahesabu hata mazoezi ya kujifurahisha, wao walikuwa wanawaza afya za watu. Mimi nawaza kikombe, na kikombe kinataka mshindi. Watu wa jogging hata hawakubisha, wao walikuwa na tisheti zao tayari.

Chujio la pili ni bahati. Hapa usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu bahati ipo kila mahali, shuti linagonga mwamba linaingia, lingine linagonga mwamba linatoka. Cha kuangalia ni kama bahati imewekwa humo makusudi. Ludo bila dado hakuna ludo. Lasti kadi ukigawiwa karata mbovu umegawiwa mbovu, utafanyaje. Kumbe wale jamaa wa briji walilijua hilo, ndo maana kwenye mashindano yao karata zilezile walizogawiwa meza ya kwanza zinapelekwa na meza nyingine zichezwe vilevile, mwisho wanalinganisha nani kafanya nini na mkono uleule. Huo ni ujanja nimeuvulia kofia. Sisi karata zetu hatuchezi hivyo kwahiyo karata nikaweka alama ya kuuliza. Na hapohapo kuna mmoja akauliza kuhusu kubeti, eti mbona iko kwenye kurasa za michezo, nikamwambia mkeka wako unasubiri watu wengine wakimbie wewe umelala, kaa chini.

Sasa tuje kwenye mwili, hapa ndo ugomvi wote ulipo, na hapa mimi nilikwama siku nne nzima.

Ukisema "spoti ni kutoka jasho" umekwisha. Anayelenga shabaha kwa bunduki yuko Olimpiki na amesimama tuli, wakati fundi anayepandisha mifuko ya saruji ghorofa ya tatu anatoka jasho kuliko timu nzima ya netiboli na hakuna anayemuita mwanaspoti. Jasho halisemi kitu. Jibu nilikuja kulipata kwenye ubao wa bao, kwa watu walewale niliokuwa natafuta namna ya kuwatoa.

Kuna mzee hapo kijiweni kwetu, simtaji jina, mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipopata kiharusi. Akishika kete anazimwaga. Basi siku hizi anacheza kwa mdomo, mjukuu wake wa darasa la sita ndo mkono wake. Mzee kaegemea ukuta na kahawa yake, anasema tu "weka hapo, kula, anzia kichwa cha kulia", mtoto anachota kete za mpinzani anazisambaza shimo kwa shimo, mzee wala haangalii mkono wa mtoto, anaangalia lile shimo ambalo kete ya mwisho itaangukia, alishaliona zamani. Wanaojua bao wanajua unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kwahiyo una zamu 22 za kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, kabla ya mtaji, pale mnapobaki na kete za ubaoni tu, na siku hiyo mpaka tunafika mtaji nyumba ya mpinzani, lile shimo lake kubwa, ilikuwa imeshaliwa kitambo. Mzee kashinda. Watu wakampa mkono mzee, mtoto akatumwa kuongeza kahawa. Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto ndo kashinda.

Nikawaza, je, yangekuwa vishale? Mzee aseme "mjukuu wangu, rusha pale kwenye ishirini", mtoto arushe kiende ukutani, hapo aliyekosa ni nani? Na kikipata aliyepata ni nani?

Basi chujio langu ndo hilo, ichukue bure. Kama naweza kumtuma mtu anifanyie kwa mkono wake na ushindi ukabaki wangu, kazi ilikuwa ya kichwa. Nikimtuma na ushindi ukawa wake, kazi ilikuwa ya mwili, hata kama mwili wenyewe ni vidole vitatu. Jaribu kwa soka, kocha anapiga kelele dakika tisini lakini goli ni la aliyepiga. Jaribu kwa pool, siwezi kukwambia "ipige taratibu pembeni kidogo" halafu nikadai nimeingiza mimi. Na hii sio falsafa yangu tu ya kijiweni, wale wa kuzuia dawa michezoni wamepiga marufuku dawa za moyo za aina ya beta-bloka kwenye vishale, biliadi, gofu na kulenga shabaha, kwa sababu zinatuliza mapigo na mkono unaacha kutetemeka. Kama mkono ungekuwa hauna maana pale nani angehangaika kuumezea kidonge?

Kwa hesabu hiyo bao na drafti zimetoka, vishale na pool vimebaki. Nilijua nitachukiwa na nilichukiwa. Kijana mmoja wa sataranji akanibana vizuri, akasema kwenye zile za dakika tatu mkono mzito unapoteza kwa saa hata kama kichwa kiko sawa. Kweli. Chujio linavuja hapo kidogo, sikatai.

Ila linavuja vibaya zaidi kwa PS. Maana jaribu mwenyewe, mpe mtu pedi umwambie "piga pasi, sasa shuti", atafungwa tano. Vidole vya mtu havikodishiki. Nikarudi nyumbani nimenuna, kijana wa peni ya rangi nyingine kapita kihalali. Na huko duniani wameshapita, kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, ile ya 2022 iliyochezwa 2023, magemu yaligawa medali.

Kilichonisaidia ni masharti ya shirikisho mama la vyama vya spoti duniani, lile la GAISF, siku hizi limevunjwa lakini masharti yake bado nayaona yana akili. Yalikuwa yanataka kuwe na ushindani, bahati isiwe imejengwa ndani, hatari isizidi kiasi, kiumbe hai asidhurike, na vifaa visitegemee muuzaji mmoja. Hilo la mwisho ndo nililishika. Mpira hauna mwenyewe, ukikosa wa dukani watoto wanasuka wa makaratasi na kamba na sheria ni zilezile. Gemu lina kampuni, kampuni ikiamua mwakani mchezaji fulani awe na spidi zaidi au seva izimwe, umekwisha, na hakuna refa wa kumlalamikia. Nikamwambia kijana PS haiingii kwa sababu hiyo, sio kwa sababu ya vidole vyake. Alielewa nusu.

Hilo la kiumbe hai nalo usiliruke. Lamu wana mbio za punda wakati wa Maulidi na mshindi anaheshimika mji mzima, sina tatizo, farasi nao wako Olimpiki. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, Kakamega mafahali wanapiganishwa wao kwa wao, hapo kila mtu atakuwa na lake na mimi siingii. Ila sisi tulikuwa na kukimbiza kuku! Watu wazima thelathini, kuku mmoja, uwanja wa shule. Mwaka juzi kuku alishikwa na watu watatu kwa pamoja na sitasimulia. Nikafuta bila kikao.

Mwisho kabisa angalia sheria na refa, kwa sababu kitu kinaweza kuwa na mwili na ushindani wote bado kikawa vurugu tu. Marekani 2010 jaji wa Connecticut alikataa timu ya chuo ya wale washangiliaji wanaorushana juu kuhesabiwa kama timu ya spoti, na hakusema hawafanyi kazi, alisema utaratibu wao wa mashindano bado haujakomaa. Wakajipanga, 2021 Kamati ya Olimpiki ikalitambua shirikisho lao. Sheria zinatengenezwa.

Mfano wa karibu ni kuvuta kamba. Watu wanaona ni mambo ya watoto, kumbe ilikuwa Olimpiki kuanzia 1900 mpaka 1920, na kwa sheria zake ni watu wanane kila upande, timu nzima inapandishwa mzani kwanza, mshindi ni anayewavuta wenzake mita nne. Sisi tulikuwa tunafanyaje? Mtaa wa pili wanaleta kumi na mmoja wanasema wawili ni wadogo hawahesabiki, wa mwisho kajizungushia kamba kwenye mwarobaini, filimbi inapulizwa na shemeji yao. Nikaazima mzani wa gunia kwa muuza mkaa, nikapiga chokaa mistari mitatu, nikasema anayegusa mti katoka. Ilikuwa ndo shindano lililojaza watu kuliko fainali ya soka, na mama mmoja wa netiboli alivuta hadi kandambili ikabaki kwenye tope mguu ukaendelea.

Kwahiyo orodha yangu ya spoti ikabaki soka, netiboli, kamba, magunia, vishale, na pool kwa shingo upande kwa sababu meza iko baa na watoto wanafuata. Ila nikafanya kosa la kudhani nimemaliza. Watu wa bao wakaja na hoja nzito, wakasema SHIMIWI, michezo ya wafanyakazi wa wizara na idara za serikali, bao lipo, drafti ipo, karata zipo, zinakaa pamoja na soka na kamba na hakuna anayelia, wewe katibu wa mtaa unatuzidi nini? Sikuwa na jibu, na kusema kweli hawakuwa wanapinga chujio, walikuwa wanataka jezi.

Nikachora mstari katikati ya karatasi, kulia spoti, kushoto michezo ya akili, vikombe pande zote mbili ila cha kushoto kidogo zaidi, jezi tukapunguza kola zikatosha. Unapofanya hivyo hakikisha umehesabu watu vizuri kabla ya kwenda kwa fundi, maana mzee wangu wa kahawa alikuja kusaini akadai jezi mbili, yake na ya mkono wake.