Kisima cha uani: kabla hujanywa maji yake

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mbagala, na nikiingia uani kwako kitu cha kwanza kukitazama ni umbali kati ya kisima na choo. Ukiwa chini ya mita 30, maji hayo usiyaamini hata yakiwa meupe pe. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hutoka na kinyesi cha binadamu, na masika vyoo vikifurika huingia visimani kwa urahisi. Yule wa kipindupindu huishi pia mito inapokutana na bahari, kwenye maji ya chumvichumvi.

Yachuje kwa kitambaa safi, kisha chemsha mpaka yatokote dakika nzima. Yapoe humo humo sufuriani, yamefunikwa. Sasa ndoo: pitisha kidole ukutani kwa ndani. Ukihisi utelezi, hapo bakteria wamejenga. Isugue kwa sabuni kwanza. Nunua yenye koki, tafadhali, maana kikombe kinachochovywa na kila mkono huharibu kazi yote.

Mtu akiharisha choo kama maji yaliyooshea mchele, usingoje kupambazuke. Mpe ORS, yaani dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji salama ili kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo huku mkienda kituoni. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache.